Sproketi moja au tatu: siku saba, Tanga hadi Mtae na kurudi

Jioni ya maandalizi, Tanga

Baiskeli mbili zimeegemezwa ukutani. Fremu zinalingana, tairi ni zile zile za inchi 29 kwa 2.1, mizigo imepimwa mpaka ikalingana. Tofauti iko pale pedeli zinapozunguka. Ya kwanza ina sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni) moja ya mbele, meno 32, na kaseti ya nyuma, yaani rundo la sproketi, ya gia 12: meno 10, 12, 14, 16, 18, 21, 24, 28, 33, 39, 45 na 51. Ya pili ina sproketi tatu mbele, meno 22, 32 na 44, na kaseti ya gia 9: meno 11, 13, 15, 17, 20, 23, 26, 30 na 34. Humu zitaitwa Moja na Tatu, basi.

Dukani utaambiwa Tatu ina gia 27. Ndiyo, ukizidisha tatu kwa tisa. Lakini 44 mbele na 26 nyuma ni sawasawa na 22 mbele na 13 nyuma, tena bila tofauti hata ya nukta. 44 kwa 30 ni 22 kwa 15. 44 kwa 34 ni 22 kwa 17. Na zile ambazo cheni inakaa mshazari mno hazitumiki. Ukishatoa marudio na mishazari unabaki na kama kumi na tano za kweli. Moja ina 12, na zote 12 ni zake.

Kipimo cha maana ni hatua: pedeli ikizunguka mara moja, baiskeli inasogea mita ngapi. Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, zidisha kwa mzunguko wa gurudumu, ambao kwa tairi hizi ni mita 2.28. Hatua fupi kabisa ya Moja ni 32 kwa 51, mita 1.43. Ya Tatu ni 22 kwa 34, mita 1.48. Hatua ndefu ya Moja ni mita 7.30, ya Tatu ni 9.12. Kwa hiyo huku chini kwenye milima ziko karibu sawa, Moja ikiwa nyepesi kidogo, na huko juu kwenye mwendo kasi Tatu inaiacha Moja mbali. Wengi hudhani ni kinyume chake, kwamba sproketi moja lazima iwe ngumu mlimani. Ilikuwa hivyo zamani, kaseti ilipoishia meno 34 au 36. Kampuni ya vipuri ya SRAM walipotoa seti ya gia ya XX1 mwaka 2012, gia 11 za meno 10 hadi 42, ndipo sproketi moja ya mbele ilipoanza kukubalika kwenye baiskeli za milimani, na leo meno 50 na 51 ni jambo la kawaida.

Kwenye mfuko wa vifaa: viungo vya kuungia cheni, viwili vya gia 12 na viwili vya gia 9 (haviingiliani), kikatio cha cheni, waya wa gia wa ziada mita 2, sikio la derela la ziada kwa Tatu, la Moja halikupatikana, bisibisi ya nyota ndogo, heksa 2.5, 4, 5 na 6, rula ya chuma, mswaki mkuukuu, chupa ndogo ya mafuta ya cheni. Derela ni kile kimkono kinachohamisha cheni, na sikio ni kipande cha alumini kinachokishika kwenye fremu. Kimetengenezwa kiwe laini makusudi, kipinde chenyewe kabla fremu haijapinda.

Siku ya kwanza: Tanga, Pongwe, Muheza, Hale, Segera, Korogwe

Kilomita 90 na ushee, lami yote. Mkonge umepangwa mistari kulia na kushoto, kisha machungwa ya Muheza yamerundikwa mafungu mafungu kando ya barabara. Njia inapanda na kushuka bila kuwa mlima.

Kwa ulinganisho hii ni siku ya kuchosha, maana hakuna kilichotokea. Mwendo ni kilomita 20 hadi 22 kwa saa, pedeli zikizunguka mara 80 kwa dakika. Hapo Moja inakaa kwenye meno 16 au 18, Tatu kwenye 32 mbele na 17 nyuma. Zote mbili cheni imenyooka, zote mbili kimya. Hata pengo la kutoka gia moja hadi ya jirani linakaribiana: kutoka 18 kwenda 16 ni asilimia 12 na nusu, kutoka 17 kwenda 15 ni asilimia 13. Ile sifa kwamba sproketi tatu zina gia za karibukaribu haitokani na kaseti ya 9. Inatokana na kubadili mbele na nyuma kwa pamoja, kazi ambayo watu wachache huifanya wakiwa safarini na jua la saa nane.

Tofauti ya kwanza kusikika kwa sikio ilikuwa kwenye miteremko ya kuelekea Hale. Moja ikiwekwa kwenye meno 10 inatoa mlio wa kusaga, na mtetemo mdogo unafika mguuni. Sababu ni jiometri tu: kila kiungo cha cheni kinapoingia kwenye sproketi ya meno 10 kinapinda digrii 36, wakati kwenye meno 20 kinapinda 18. Kadiri kinavyopinda zaidi ndivyo pini inavyosuguana zaidi, na mvuto wa cheni unagawanywa kwa meno machache. Meno 10 ni gia ya kupitia, si ya kukaa.

Siku ya pili: Korogwe hadi Mombo

Kilomita 40 hivi, tambarare, Milima ya Usambara ikiwa ukuta wa mkono wa kulia tangu unapoanza mpaka unapofika. Barabara inaelekea kaskazini-magharibi, na kusi likivuma linasukuma mgongoni. Leo lilisukuma.

Mwendo ulipanda hadi kilomita 30 kwa saa, na hapo Moja ikapata taabu yake halisi. Kwa kilomita 30, meno 14 yanadai mizunguko 96 kwa dakika, mguu unakimbia ovyo. Meno 12 yanadai 82, sawa. Upepo ukiongezeka kidogo unatamani gia moja ngumu zaidi, na inayofuata ni 10, inayoishusha miguu hadi 68. Pengo ni asilimia 20, kubwa kuliko yote kwenye kaseti nzima, nalo limewekwa hasa pale ambapo mwendesha wa tambarare anaishi. Ukikaa kwenye 12 unachezacheza, ukienda 10 unakanyaga matope. Tatu ilikuwa kwenye 44: nyuma 17 kwa mizunguko 85, nyuma 15 kwa 75. Mguu unachagua.

Anayesafiri Dar hadi Morogoro na kurudi, au pwani kwa pwani, au anayefanya mazoezi ya kundi kwenye lami, sababu yake ya kubaki na sproketi mbili au tatu ni hii hapa, si milima. Na kama milima yake ni midogo, mbili zinatosha kuliko tatu: 46 na 30 mbele, kaseti ya gia 11 ya 11 hadi 34. Mapengo ya katikati (17, 19, 21, 23, 25) ni asilimia 9 hadi 12 tu. Ila hatua yake fupi kabisa kwa tairi hizi ni mita 2.01, na kesho itaonekana kwa nini hiyo haifai na mizigo.

Mombo, duka la spea. Zipo cheni za Phoenix, na zipo cheni za zile baiskeli za gia 6 na 7 kutoka China, zilizofungwa kwa makopo. Cheni ya Phoenix ni pana, inaingia kwenye sproketi nene ya inchi moja ya nane, weka pembeni. Ya gia 7 ina unene wa nje wa milimita 7 na kitu. Ya gia 9 ni kama 6.6, ya gia 12 ni kama 5.3. Tatu ikikatika cheni vibaya, ile ya gia 7 itakwaruza sproketi za jirani, itapiga kelele, lakini ukiiacha kwenye gia moja au mbili itakufikisha. Kwenye Moja haikai. Nafasi kati ya sproketi na sproketi ni finyu mno. Mwenye Moja abebe cheni yake kutoka nyumbani. Ni gramu 250, na haziepukiki.

Siku ya tatu: Mombo, Soni, Lushoto

Kilomita 33, na karibu mita 1,000 za kupanda. Nyingi ziko kabla ya Soni. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, bonde la mto likiwa upande mmoja na mwamba upande mwingine, na kona zinafuatana bila kupumzika. Mafuso ya kabeji na karoti yanashuka yakinusa breki.

Kwanza hesabu, kwa sababu bila hesabu watu hununua gia za mtu mwingine. Mtu, baiskeli na mizigo: kilo 100. Mwendesha wa kawaida asiye mshindani anaweza kutoa wati 130 kwa saa mbili. Kwenye mwinuko wa asilimia 4 (kila mita 100 unapanda mita 4) wati hizo zinampa kilomita 9.5 kwa saa. Asilimia 5, kilomita 8. Asilimia 8, kilomita 5.3. Miguu ikizunguka mara 70 kwa dakika, hatua zinazohitajika ni mita 2.26 kwa mwinuko wa kwanza na 1.90 kwa wa pili. Ule wa tatu, kwa mizunguko 60, ni mita 1.47. Ile baiskeli ya sproketi mbili yenye mita 2.01 ingemtosha kwenye asilimia 4, kwenye 8 ingemshusha miguu hadi mizunguko 44, na magoti yangelalamika kabla ya Soni. Phoenix nyingi zina meno 48 mbele na 20 nyuma, hatua ya zaidi ya mita 5. Ndiyo maana kwenye barabara hii kila Phoenix yenye mzigo wa kuni inasukumwa kwa mkono, na anayesukuma hakosei.

Sasa angalia meno. Moja: asilimia 4 ni sproketi ya 33, asilimia 5 ni 39, asilimia 8 ni 51, katikati yake kuna 45. Mwinuko ukibadilika kwenye kila kona, kidole gumba kimoja kinapanda na kushuka kwenye leva ile ile. Hakuna cha kufikiri.

Tatu: asilimia 4 inaangukia uwiano wa takriban moja kwa moja, yaani 32 mbele na 34 nyuma, au 22 mbele na 23 nyuma. Ni mpakani kabisa mwa sproketi ya kati na ndogo. Mwinuko ukipungua unataka ya kati, ukiongezeka unataka ndogo, na barabara ya Soni haikai kwenye asilimia 4 kwa dakika mbili mfululizo. Kona za kushoto ndizo mbaya zaidi. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo tunapita upande wa ndani wa kona, na ndani ya kona daima ni mkali kuliko nje.

Kushuka kutoka 32 kwenda 22 kunalegeza gia kwa asilimia 31 mara moja. Mguu unatumbukia hewani. Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Iangalie kona mapema. Mita kumi kabla, kanyaga kwa nguvu mizunguko miwili upate mwendo wa akiba. Legeza mguu bila kuacha kuzungusha. Bonyeza leva ya kushoto, cheni ishuke kwenye 22. Papo hapo bonyeza ya kulia mara mbili, nyuma ihame kutoka 34 hadi 26, ndipo ukanyage tena. Derela ya nyuma inashika cheni upande uliolegea, ya mbele inasukuma upande uliovutwa na mguu wako mwenyewe. Ukiibadili ya mbele ukiwa umekanyaga kwa uzito wote, cheni haishuki. Au inashuka ikapitiliza.

Ilipitiliza, chini kidogo ya Soni. Cheni ilianguka kati ya sproketi ndogo na fremu. Tiba ya papo hapo si kushuka: zungusha pedeli taratibu bila nguvu na urudishe leva kwenye sproketi ya kati; mara nyingi derela inaiokota cheni yenyewe. Tiba ya kudumu ni skrubu ya kikomo cha ndani, ile yenye herufi L. Weka cheni kwenye 22 mbele na 34 nyuma, chungulia kwa juu: kati ya bamba la ndani la derela na cheni pawe na nafasi ya nusu milimita, si zaidi. Hapa palikuwa na karibu milimita 2. Robo tatu ya mzunguko wa bisibisi, tatizo likaisha.

Moja nayo ina mchezo wake. Ukisimama kwenye mwinuko, cheni ikiwa kwenye 51, ukarudisha pedeli nyuma ili uiweke sawa kwa kuondokea, cheni inateremka yenyewe hadi 45 au 39. Inatoka mshazari: sproketi ya mbele iko katikati, ile ya 51 iko kama milimita 20 ndani zaidi, na ukizungusha kinyume hakuna cha kuiongoza. Kisha unakanyaga kuondoka na inaruka kwa kishindo. Usirudishe pedeli nyuma. Inua gurudumu la nyuma kidogo kwa kushika kiti, zungusha pedeli mbele mpaka ifike unapotaka.

Huo mshazari ulisikika saa mbili nzima kama mvumo mwembamba. Tatu kwenye 22 na sproketi za kati za nyuma ilikuwa kimya kabisa, cheni yake imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kuna kodi nyingine inayolipwa polepole: kwenye kaseti nyingi za namna hii sproketi kubwa kabisa, moja au mbili, ni za alumini. Mwenye kukaa milimani anazitumia kila siku, na alumini huliwa haraka kuliko chuma.

Hata hivyo kwa siku ya leo Moja imeshinda, tena bila ubishi. Mbele ya Soni bonde linafunguka, mwinuko unapoa, na Lushoto inafikiwa kwa gia za katikati.

Siku ya nne: Lushoto

Hakuna safari, isipokuwa kwenda Irente bila mizigo kuitazama Mombo kutoka juu.

Kazi ya leo ni kusafisha na kupima. Rula ya chuma, cheni ikiwa imevutwa: viungo 24 vikipimwa kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya nyingine viwe milimita 304.8. Cheni ya gia 12 ikifika 306.3 ibadilishwe. Ya gia 9 inavumilia hadi 307. Zote zilikuwa bado. Ukipitisha kipimo hicho, cheni iliyorefuka inaanza kula kaseti, na kaseti ya gia 12 ni kifaa cha bei mbaya kupita vyote kwenye Moja.

Na tafadhali, oili chafu ya pikipiki isipakwe kwenye cheni. Inanata vumbi, vumbi linakuwa msasa.

Siku ya tano: Lushoto, Magamba, Lukozi, Mtae

Kilomita kama 60 na siku nzima. Mpando wa Magamba kwanza, kisha msitu, ukungu, na baada ya lami kwisha udongo mwekundu. Usiku mvua ilinyesha.

Udongo huu ukilowa unakuwa kama unga wa ugali uliokosa maji ya kutosha: unashika, haudondoki. Baada ya kilomita chache nafasi kati ya tairi na fremu imejaa. Kwenye Tatu kuna mlango wa ziada wa tope, ile derela ya mbele iliyokaa kama sentimita 40 kutoka ardhini, mbele kidogo ya pale tairi la nyuma linaporusha. Saa tatu asubuhi ilikuwa tofali. Leva inabonyezwa, waya unavutika, derela haiendi popote.

Kabla ya Lukozi likaja lile ambalo kila mwenye sproketi tatu analifahamu: cheni kumezwa. Tatu iko kwenye 22, mpando mfupi mkali, uzito wote juu ya pedeli. Kawaida cheni ikifika chini ya sproketi inaachia na kuelekea nyuma kwenye derela. Safari hii haikuachia. Iling'ang'ania meno, ikabebwa kupanda juu kwa nyuma, ikabanwa kati ya sproketi na bomba la fremu, pedeli ikagoma kama imepigwa breki. Ukitazama kwa karibu meno ya ile sproketi unaona kwa nini: upande mmoja yamechongoka na kuinama kama ndoano, sawa na pezi la papa, na kwenye ncha za meno mawili kuna vinyweleo vya chuma vilivyokunjika pembeni. Kiungo chenye tope kavu ndani hakikunjuki kwa wepesi, ndoano inakishika, nguvu ya mguu inamalizia.

Usilazimishe pedeli mbele. Kila robo mzunguko inachimba fremu. Zungusha kinyume taratibu huku mkono mwingine ukiivuta cheni kuelekea chini na mbele. Ikigoma, legeza boliti nne zinazoshika sproketi ndogo uipate nafasi. Ikishatoka: maji ya chupa kwenye cheni, mswaki, mafuta tone moja kwa kila kiungo, futa ya ziada. Vile vinyweleo vinakatwa kwa kutumia jiwe la kunolea kisu au tupa ndogo, dakika tano. Kisha kanuni ya siku: usiingie 22 ukiwa tayari umeelemewa, ingia mapema. Dawa ya kweli ni sproketi mpya ya 22, ya chuma si ya alumini, na kamwe usifunge cheni mpya kwenye sproketi iliyochakaa, maana ndiyo njia ya mkato ya kumezwa.

Moja ilipita kwenye tope hilo hilo ikinung'unika tu. Sproketi yake ya mbele ina jino pana, jino jembamba, jino pana, zikiingia kwenye viungo vya nje na vya ndani kwa zamu, na derela yake ya nyuma ina klachi inayoikaza cheni isirukeruke. Cheni haikuanguka hata mara moja. Ilichotaka ni kusafishwa vigurudumu viwili vya derela kila saa. Tope likijaa hapo cheni inaruka kwenye sproketi kubwa.

Mtae imekaa kwenye ukingo wa mlima kama mtu aliyekaa kwenye kingo ya dirisha. Chini ni tambarare za Mkomazi, na ng'ambo yake ni Kenya.

Siku ya sita: kurudi Lushoto kwa Fuso

Mvua tena. Baiskeli zilipandishwa kwenye Fuso la mboga. Tatu ilisimamishwa, Moja ililazwa kwa ubavu wa kulia, na huko Lukozi magunia yakaongezwa juu. Kosa. Baiskeli hulazwa kwa ubavu wa kushoto siku zote, derela itazame juu.

Lushoto jioni: Moja inaruka kati ya 28 na 33, kwenye 51 inataka kuingia kwenye spoku. Ukichuchumaa nyuma yake unaona kijimkono cha derela kimeinama kwa ndani, chini kuliko juu. Sikio limepinda. Hapa ndipo idadi ya gia za nyuma inapodai haki yake. Kwenye kaseti ya 9, kutoka sproketi moja hadi nyingine ni milimita 4.35, kwenye ya 12 ni kama 3.65. Kupinda kule kule ambako Tatu ingekuvumilia kwa kukaza waya nusu mzunguko, Moja haikubali.

Sikio la ziada la Moja halipo, lakini gurudumu la nyuma la Tatu lipo. Ekseli yake yenye uwazi katikati ina uzi wa milimita 10 kwa hatua ya 1, na tundu la sikio la derela lina uzi huo huo. Hatua zake: fungua derela ya Moja kwa heksa 5 na uiache ining'inie kwa waya wake. Chomoa ule mti wa kufungia haraka kwenye gurudumu la Tatu. Sokota ekseli ndani ya tundu la sikio kwa mkono mpaka ishike sawasawa. Sasa una magurudumu mawili sambamba, moja mahali pake na moja likining'inia kwenye sikio. Pima kwa rula nafasi kati ya rimu na rimu: juu, chini, mbele, nyuma. Chini ilikuwa finyu kwa milimita 14 kuliko juu. Shika gurudumu la nje kwa mikono miwili, lisukume taratibu, pima, sukuma tena. Usipeleke mbele na kurudisha mara nyingi, alumini huchoka ikakatika. Ikifika tofauti ya milimita 2 au 3, acha. Dakika ishirini, na gia zote 12 zikarudi bila kugusa waya.

Siku ya saba: Lushoto hadi Mombo

Kushuka. Gia hazina kazi, kazi ni ya breki: bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona, usizishikilie njia nzima.

Kwa Tatu, kabla ya kuanza kushuka weka 44 mbele na 17 nyuma. Cheni inakazika, haipigi fremu, na meno ya nje yanafunikwa yasikuchane muundi ukianguka. Kwa Moja hakikisha klachi imewashwa. Jana ilizimwa ili kufungua derela, na kuisahau ni rahisi. Ikizidi kilomita 40 kwa saa Moja haina tena cha kukanyaga. Kwenye kona za Soni hakuna mtu mwenye akili anayetaka kukanyaga.

Mombo, baiskeli zikisubiri basi (ubavu wa kushoto), orodha ya kubadili ni fupi. Tatu: sproketi ya 22 ya chuma na waya mpya wa derela ya mbele, nyingine zote zibaki, kwa sababu kwa safari ndefu za nchi hii, tambarare nyingi na maduka ya spea kama yale, bado ndiyo ya kupanda bila wasiwasi. Moja ni ya mtu wa Lushoto mwenyewe, wa kupanda na kushuka kila siku bila mizigo mikubwa, na hata yeye meno 32 ni mengi akibeba. Afunge 30: hatua fupi inakuwa mita 1.34, ndefu inakuwa 6.84, kilomita 37 kwa saa kwa mizunguko 90. Cheni haihitaji kukatwa. Meno mawili yakipungua mbele yanalegeza kiungo kimoja tu, na derela inakimeza kiungo hicho bila shida. Kagua tu kwamba kwenye meno 10 nyuma cheni haiguswi na kigurudumu cha juu cha derela.